Siri za Muuguzi: Ipi Ifichwe, Ipi Isemwe?



Hapana mtu wa shule yetu asiyejua kwamba hadithi za kutisha hupendwa kuliko hadithi za mashujaa. Kitabu cha namna hiyo kikiingia bwenini hupita mikono ishirini kabla hakijarudi kwa mwenyewe, nacho hurudi jalada limechakaa. Katika hadithi hizo iko moja ambayo kila mara huja na sura mpya, nayo ni hadithi ya muuguzi mwenye siri nzito. Mchana ni mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu na mikono safi. Usiku, taa za wodi zikipunguzwa, msomaji huanza kufahamu kwamba mpole huyu anaficha jambo.

Baadhi ya wazee wetu husema hadithi hizo zipigwe marufuku shuleni, kwa kuwa zitawafanya watoto waogope hospitali. Baadhi ya wanafunzi hujibu kwamba ni mchezo tu wa kupitisha wakati, wala hazina neno. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Hadithi hizi zina neno, tena kubwa, nalo lafaa kusemwa hapa Isikizya kama linavyofaa kusemwa mahali pengine popote penye zahanati na wagonjwa.

Na tuanze na hadithi yenyewe. Maarufu kuliko zote pengine ni Misery, kitabu cha Mmarekani Stephen King kilichotolewa mwaka 1987, kikafanywa sinema mwaka 1990. Mwandishi mmoja aitwaye Paul Sheldon anapata ajali ya gari katika theluji. Anaokolewa na Annie Wilkes, mwanamke aliyekuwa muuguzi zamani, anayempeleka nyumbani kwake, mbali na watu. Miguu ya mgonjwa imevunjika. Chakula chake, dawa zake za kutuliza maumivu na ufunguo wa mlango vyote viko mikononi mwa mtu mmoja. Siku moja mgonjwa anapata kuona kitabu ambamo Annie amebandika vipande vya magazeti, na vipande hivyo vinaeleza habari za vifo vingi alipopita muuguzi huyo. Hapo ndipo msomaji hushikwa na hofu, kwa maana mgonjwa amejua siri naye hawezi kwenda popote.

Tusidhani kwamba hadithi kama hizo ni za Wazungu peke yao. Katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1980, yumo mkunga aitwaye Bi Farashuu. Anaitwa kumzalisha Bi Tamima, mke wa Maksuudi, naye anaingia katika nyumba hiyo akiwa na kisasi cha zamani moyoni. Lakini mwandishi hakumfanya mkunga huyo kuwa shetani aliyeanguka kutoka angani. Anatuonyesha kwamba Maksuudi mwenyewe ndiye aliyetangulia kuidhulumu familia ya mkunga, akaificha dhuluma yake nyuma ya heshima ya mtu mkubwa. Siri ya bwana ilizaa siri ya mkunga. Jambo hili msomaji alishike, kwa kuwa litatufaa mbele.

Kwa nini, basi, waandishi humchagua muuguzi, wasimchague mwashi au dereva? Jibu lake twaweza kulipata katika historia ya nchi yetu hii ya Unyanyembe. Kila mwanafunzi wa hapa amesikia habari za David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, tangu Februari hata Agosti, akingoja wapagazi na mizigo. Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 1867, alipokuwa safarini kusini ya Ziwa Tanganyika, wapagazi wawili walitoroka, na pamoja nao likapotea sanduku lake la dawa. Bunduki alikuwa nazo, watu alikuwa nao, lakini aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kufa. Tangu hapo homa na tumbo vilimdhoofisha, hata akafa mwaka 1873. Katika njia ile ya misafara mzigo uliokuwa mwepesi kuliko pembe za ndovu ulikuwa mzito kuliko zote. Mchukuzi wa sanduku la dawa huchukua uhai wa watu.

Muuguzi wa leo ndiye mchukuzi wa sanduku hilo. Mgonjwa humpa mkono wake achome sindano bila kuuliza ndani ya sindano mna nini. Mama humpa mtoto wake mchanga. Hapana kazi nyingine ambayo mtu asiyemjua mwenzake humwamini hivyo kwa dakika moja tu. Hofu ya hadithi hizi yatoka katika imani hiyo, na imani ikiwa kubwa, hofu ya kuvunjwa kwake nayo huwa kubwa.

Lakini je, mambo hayo hutokea kweli? Hutokea, ingawa ni mara chache sana. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Charles Cullen, muuguzi wa Marekani aliyekamatwa Desemba 2003. Alikuwa amefanya kazi kwa muda wa miaka 16 katika hospitali tisa na nyumba moja ya wazee, katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania. Aliua wagonjwa kwa dawa zile zile za kuponya. Moja ni insulini, ambayo mgonjwa wa kisukari huihitaji, lakini ikizidi hushusha sukari ya damu hata ubongo ukakosa chakula chake. Nyingine ni digoksini, dawa ya moyo, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo hata usimame. Alikiri kuua watu wapatao 40, na mwaka 2006 akahukumiwa vifungo vya maisha. Habari zake ziliandikwa katika kitabu cha Charles Graeber, The Good Nurse, mwaka 2013, na sinema ya jina hilo ikatoka mwaka 2022.

Sasa naomba msomaji aangalie vizuri. Jambo la kutisha kuliko yote katika kisa hiki ni ile idadi ya hospitali. Mtu mmoja alipitaje hospitali tisa? Katika baadhi ya hospitali hizo wenzake walikwisha kuingiwa na shaka. Mahali pengine aliondolewa kazini, mahali pengine aliacha mwenyewe, naye aliendelea kupata kazi hospitali ya pili, kwa kuwa ile ya kwanza haikusema yote iliyoyajua. Wakubwa walichelea kushtakiwa na kuharibiwa jina. Cullen alikuwa na siri yake, na hospitali zilikuwa na siri yao, na siri hii ya pili ndiyo iliyomfungulia mlango wa wodi nyingine. Ndiyo yale yale ya Maksuudi na mkunga.

Tena tuangalie alivyopatikana. Hakuja mpelelezi hodari kama Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Alikuwa muuguzi mwenzake, Amy Loughren, rafiki yake wa zamu ya usiku, aliyekaa akasoma daftari za kabati la dawa, akaona Cullen ameagiza dawa ambazo wagonjwa wake hawakuandikiwa. Akakubali kuwasaidia polisi, ijapokuwa moyo ulimwuma. Basi kilichomfichua mwuaji ni orodha ya dawa iliyotunzwa, na mtu mmoja aliyekubali kuisoma na kusema. Baadaye, mwaka 2005, New Jersey ilitunga sheria ya kuzitaka hospitali zitoe taarifa juu ya mtumishi aliyeondolewa kwa kuhatarisha wagonjwa.

Hapa nafika kwenye maoni yangu hasa. Neno hili siri lina mambo mawili ndani yake, nasi tumeyachanganya.

Iko siri ya mgonjwa. Hiyo ni amana. Wazee walisema mficha uchi hazai, yaani anayetaka msaada hana budi kumfunulia mkunga. Lakini nani atajifunua mbele ya mtu ambaye jioni atayatangaza sokoni? Msichana anayeogopa kupima, kijana mwenye ugonjwa wa aibu, mzee anayekohoa damu, wote hawatakwenda zahanati wakidhani kwamba habari zao zitafika nyumbani kabla yao wenyewe. Kwa hiyo Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeamuru kwamba majibu ya kipimo cha mtu ni siri yake. Muuguzi anayeitunza siri hii anastahili heshima kubwa, naye hapaswi kumwambia hata mkewe au mumewe.

Iko pia siri ya kosa. Dawa iliyotolewa si yake. Kipimo kimepitwa na muda. Mtumishi amekuja kazini amelewa. Dawa za serikali zimeuzwa dukani. Siri hii si mali ya mgonjwa wala haimlindi. Humlinda aliyekosa na kumwangamiza mwingine. Kuihifadhi si uaminifu hata kidogo. Methali ya mficha maradhi kifo humwumbua twaisema siku zote juu ya wagonjwa, lakini yafaa pia kusemwa juu ya hospitali.

Katika Kiapo cha Nightingale, kilichotungwa Detroit mwaka 1893 na kuapwa na wauguzi wa nchi nyingi, ahadi ya kutotoa dawa ya kudhuru imewekwa pamoja na ahadi ya kutunza siri za wagonjwa. Waliokitunga waliona kwamba ahadi hizo mbili ni lazima zikae katika mtu mmoja. Mtu akiitumia ya pili kuivunja ya kwanza, ameviharibu vyote viwili.

Wengine watasema, hayo ni ya Marekani, sisi ya nini? Mwaka 2022 wilaya yetu ya Uyui ilitajwa nchi nzima. Video iliyopigwa kwa simu ilionyesha watumishi wa zahanati moja wakigombana vikali juu ya vipimo vya malaria, ambavyo ilidaiwa vilikuwa vimepitwa na muda. Sitataja majina wala sitahukumu, maana kuhukumu si kazi ya gazeti la shule. Nataka tu tuelewe kwa nini jambo dogo kama tarehe kwenye kipimo liliwatikisa watu.

Kipimo cha haraka cha malaria ni kijiti chembamba chenye kemikali zinazoshika protini ya vijidudu vya malaria iliyomo katika tone la damu. Kemikali hizo huharibika kwa umri na kwa joto. Kijiti kilichopitwa na muda chaweza kusema hakuna malaria hali iko. Mtoto akarudishwa nyumbani na homa yake, na malaria kali ikampanda kichwani katika siku mbili au tatu. Hapo hakuna mwuaji wala kisu, wala muuguzi mwenye macho ya kutisha. Kuna tarehe tu iliyochapwa kwenye pakiti, na mtu aliyeiona akanyamaza. Siri za namna hii ni nyingi kuliko za akina Cullen, na naamini kwamba zinaua watu wengi zaidi, lakini hakuna anayezifanyia sinema.

Hata hivyo, nawaomba wasomaji wasiondoke na nusu ya neno langu. Hadithi za kutisha hutufundisha tabia moja mbaya, yaani kusoma uovu katika uso wa mtu. Muuguzi mkimya huwa na jambo. Muuguzi anayecheka peke yake huwa na jambo. Uholanzi alikuwako muuguzi wa hospitali ya watoto, Lucia de Berk. Vifo kadhaa vilitokea katika zamu zake, watu wakaanza kunong'ona. Mahakamani ilielezwa kwamba uwezekano wa mambo hayo kutokea kwa bahati tu ni 1 katika 342,000,000. Akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003. Baadaye wataalamu wa hesabu na madaktari wakaonyesha kwamba hesabu ile ilikosewa, na kwamba vifo vile vyaweza kuwa vya kawaida. Mwaka 2010 mahakama ikamwachia huru, ikatamka kwamba hana hatia. Alikuwa amekaa gerezani miaka mingi kwa sababu ya minong'ono iliyovikwa nguo ya hesabu.

Na sisi watu wa magharibi na wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kwenda Uholanzi kujifunza hayo. Twajua vikongwe wangapi waliuawa katika mikoa hii kwa kuitwa wachawi, na kwa ushahidi gani? Macho mekundu. Bibi aliyepikia moshi wa kuni na samadi miaka hamsini, atakosaje macho mekundu? Watu walisema lisemwalo lipo, wakachukua mapanga. Basi mtu aliyekuwa na haraka ya kumshuku bibi atakuwa na haraka ya kumshuku muuguzi, mara mgonjwa wake akifa. Kifo cha mgonjwa peke yake si ushahidi. Wagonjwa wengine hufa hata mikononi mwa muuguzi bora kuliko wote, naye hurudi nyumbani akalia pasipo mtu kumwona.

Basi tufanyeje? Tusiongozwe na hofu, wala tusinyamaze. Amy Loughren hakupeleka uvumi kwa polisi. Alipeleka tarehe, majina ya dawa na hesabu zake. Hiyo ndiyo tofauti ya taarifa na umbea. Mzazi ana haki ya kuuliza jina la dawa anayopewa mwanawe na kusoma tarehe yake, kwa adabu, bila kugombana. Akiona kosa, aanze kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Asiposikilizwa, iko kamati ya zahanati ambamo wanakijiji wenyewe wamo, na yuko Mganga Mkuu wa Wilaya. Kosa la muuguzi lina mahali pake pa kushughulikiwa, yaani Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililowekewa Sheria ya mwaka 2010. Na mtumishi anayechelea kutoa habari ajue kwamba tangu mwaka 2015 iko sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Video mtandaoni huleta kelele upesi, lakini huweza pia kuonyesha uso wa mgonjwa asiyetaka kuonekana, na hapo anayefichua siri ya kosa anakuwa amevunja siri ya mgonjwa.

Wakubwa wa kazi nao wana wajibu. Muuguzi akisema, Bwana Mganga, nimekosea kipimo cha dawa, naye akatukanwa mbele ya wagonjwa na kuhamishwa siku ya pili, wenzake wote wamekwisha kufundishwa kunyamaza. Anayekiri upesi kosa la bahati mbaya asitendewe sawa na anayelificha kosa la makusudi. Vinginevyo sisi wenyewe ndio tunaopanda mbegu za hadithi za kutisha.

Neno langu la mwisho ni kwa wenzangu wanafunzi, hasa wale wanaofikiri kuingia chuo cha uuguzi baada ya mitihani. Someni hadithi hizo, sioni sababu ya kuzikataza. Lakini mkifika pale msomaji anapotetemeka kwa sababu ya muuguzi na sindano yake, jiulizeni swali ambalo mwandishi mara nyingi halisemi: wengine waliokuwa zamu usiku huo walikuwa wapi, na daftari la dawa lilikuwa linasema nini? Wilaya yetu yahitaji wauguzi wengi kuliko ilio nao. Iwapate watu watakaojua kufunga midomo juu ya maradhi ya jirani, na kuifungua siku ile watakapoona tarehe ya kipimo imepita, hata kama aliyekishika ni rafiki yao.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita